Waya wa Kijani na Sauti ya Mama

Jumanne, 19 Agosti 2025. Asubuhi upepo na vumbi jekundu. Baridi hadi saa tatu.

Nimefanikiwa! Mchungaji ameniazima mashine ya santuri ya kanisa. Santuri ya kwaya yetu ya mwaka 1983 ninayo mimi. Jumapili ni jubilei, na aliyeongoza wimbo wa kwanza atavishwa kitenge na kuketi meza kuu. Mama yangu, Kezia, anasema ni yeye. Bibi Esteri, jirani yetu, anasema ni yeye. Wamebishana miaka arobaini na miwili. Santuri itaamua! Nimewatangazia watu wote sokoni Kasulu, pamoja na wasiouliza.

Nimejaribu saa kumi. Mngurumo mtupu. Bibi Esteri akachungulia dirishani, akauliza kama tunasaga dona, alete debe lake.

Jumatano, 20. Vumbi tena.

Kazi kwa utaratibu. Jaribio la kwanza: nimechomoa chaja zote. Inanguruma. La pili: nimesogeza spika mbali. Inanguruma. La tatu: nimesafisha sindano kwa brashi. Inanguruma, ila kwa usafi zaidi. La nne: nimegusa kichwa cha sindano kwa kidole. Kelele, kuku wakakimbia! Basi uchafu wa sauti unaingilia kichwani. (Fizikia nilipata B.)

Nimempigia Nduwayezu, fundi redio wa Nyakitonto. Akauliza kama kuna waya wa kijani unaning'inia nyuma. Upo. "Dada, huo upeleke hasi tu, mambo yataisha." Simu ikakatika.

Alhamisi, 21. Jua kali mapema.

Jaribio la tano. Nimeupeleka hasi. Spika ina chanya na hasi, hata mtoto wa darasa la saba anajua. Mngurumo umeongezeka! Sasa na redio imeingia, mtu anatangaza mbegu za mahindi. Fundi huyu bure kabisa. Mama ananitia moyo: eti sauti yake inasikika vizuri, pale chini ya mahindi.

Ijumaa, 22. Mawingu, mvua hakuna.

Mama amemwagia maji sakafu ya udongo kutuliza vumbi, akaenda shamba. Nilipowasha mashine, waya ukachomoka kwenye hasi, ukaanguka penye maji. Kimya! Nimeandika: jaribio la sita, waya ukidondoka mngurumo unakoma, sababu haijulikani. Sauti safi, hata pumzi zinasikika. Mtangazaji wa kwenye santuri akasema wazi: "Anayeongoza ni binti Esteri."

Nimerudia mara nne. Esteri mara nne.

Nimerudisha waya kwenye hasi. Nimeukaza kwa koleo.

Jumapili, 24. Asubuhi tulivu. Ilianza tulivu.

Kanisa limejaa. Nikaweka santuri. Ngurumo! Mama akasimama: "Mnasikia? Ndiye mimi!" Bibi Esteri akasema kama huyo ni Kezia, basi Kezia anatumia dizeli. Wazee wakanong'ona kwamba hakuna anayesikika, kitenge kikatwe katikati. Nusu kitenge! Nilikuwa naelekea kuzima, Nduwayezu akanyanyuka benchi la tatu, uso umemshuka kama aliyetukanwa.

"Dada, si nilikwambia hasi!"

Nikamwonyesha. Hasi hiyo hapo, na alama ya kutoa imechorwa.

"Hasi ya Kiha! Chini! Kwenye udongo! Kwani nyumbani mnaongea nini?"

Kanisa zima likacheka, mchungaji naye. Nduwayezu akaunga waya mrefu, akaupitisha dirishani, akaufunga kwenye bomba la maji. Kimya. "Anayeongoza ni binti Esteri." Bibi Esteri akavishwa kitenge. Akazunguka nacho mara mbili, ya pili taratibu mbele ya benchi letu.

Njiani, Mama akasimama darajani. Kisha akasema alijua ni Esteri. Alijua! "Mwanangu, mimi nilikuwa nautegemea ule mngurumo. Nani alikutuma kumpigia fundi?"

Lakini upande wa pili wa santuri, anaapa, ni yeye kabisa.

Sijausikiliza. Haina haja. Nimekwishamwalika Bibi Esteri Jumamosi, na benchi lote la tatu.

Nalala saa tatu na dakika arobaini.