Nani Anaumwagia Mlimau wa Daktari?

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari ameondoka. Likizo ya wiki mbili, kwa mama yake. Kabla ya kutoka alisimama pale mapokezi, mkoba begani, akauliza nani atautunza mlimau. Nesi akafungua mdomo. Nikamuwahi! Nikasema mimi, Daktari, niachie mimi, nitautunza kama mboni ya jicho langu. Nesi akafunga mdomo. Moja bila.

Mlimau wenyewe uko kwenye chungu, dirishani, hatua mbili kutoka meza yangu ya karani. Aliuotesha kwa mbegu marehemu baba yake Daktari, siku kliniki yetu ya meno ilipofunguliwa. Miaka saba, majani tu. Mwaka huu umezaa. Limau moja! Daktari amesema akirudi atakuja na mama yake walichume pamoja, na alisema kwa sauti ndogo. Kisha akajifuta macho, akaongeza kwamba akirudi atateua msimamizi wa kliniki. Hakutaja mtu. Ila aliutazama mti, halafu akanitazama mimi. Mwenye macho ameona.

Jioni nimemaliza kazi kama kawaida. Nimekusanya vikombe vya kusukutulia, vile ambavyo wagonjwa huviacha nusu, nikamwaga mabaki kwenye chungu cha mlimau. Nimefanya hivyo tangu goti lilipoumia mwezi wa kwanza. Sinki liko mwisho wa korido. Maji ni maji.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jani la njano.

Si njano yote. Mishipa imebaki kijani, katikati yake njano kama mtu mwenye homa ya ini. Nimehesabu. Kumi na moja! Jana sikuyaona. Au yalikuwapo nikayadharau? Hapana. Mimi sidharau.

Nesi amepita dirishani mara tatu kabla ya saa nne. Mara ya tatu akauliza kama mti uko salama. Swali gani hilo? Mtu asiye na lake haulizi hivyo. Nimemjibu uko salama salimini, nikasogeza kiti changu kuukinga.

Fundi, huyu anayetengeneza meno ya bandia chumba cha nyuma, naye leo kala chakula chake karibu na dirisha. Miaka yote anakula chumbani kwake. Anasema ameufuata mwanga. Mwanga!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimemwendea muuza miche wa barabara ya juu. Mzee wa maneno machache, kucha zimejaa udongo. Nimempelekea jani moja na udongo kidogo ndani ya bahasha ya kliniki. Akaukoroga udongo na maji, akachovya kikaratasi. Kikawa buluu. Akapiga mluzi.

Akaniambia pH ni nane na nusu, na mlimau unataka sita na kitu. Nikamwambia anieleze kama anamweleza mtoto. Akasema udongo umekosa ukali, umekuwa kinyume cha siki. Chuma kimo humo humo lakini mizizi haiwezi kukinyonya, kwa hiyo mti una njaa mbele ya sahani iliyojaa. Akanipa pakiti ya unga wa salfa na vikaratasi vya kupimia. Kijiko kimoja cha chai, akasema, halafu subiri miezi miwili mitatu, na uunyweshe maji ya mvua. Ukali hauletwi kwa papara.

Miezi mitatu! Mimi nina siku kumi na moja.

Nilipokuwa natoka akaongeza jambo. Akasema udongo wa chungu haubadiliki hivi wenyewe. Kuna mtu anaumwagia kitu. Kwanza mkamateni huyo.

Nilisimama mlangoni. Nilijua! Tangu lile jani la kwanza nilijua huu ni mkono wa mtu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mtego. Nimeufikiria usiku kucha.

Nimemwomba Fundi unga wa plasta, ule anaotengenezea umbo la taya. Akauliza wa nini. Nikasema wa nyumbani. Akanitazama kwa jicho la pembe. Nimeliandika hilo jicho.

Saa nane, wote wakiwa wamekwenda kula, nimenyunyiza unga sakafuni kuzunguka chungu, mwembamba kabisa, hauonekani ukiwa na haraka zako. Atakayesogea ataacha alama ya kiatu. Kesho nitamjua. Nimeshinda nikiwa na furaha, nimewapokea wagonjwa kwa bashasha hadi mama mmoja akauliza kama nimeongezwa cheo. Bado, mama. Bado kidogo.

Jioni vikombe, kama kawaida. Kisha nyumbani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nyayo!

Nimefika wa kwanza, nikapiga magoti (la kushoto likalia), nikazikagua. Nyayo za mtu mmoja, zimekwenda hadi kwenye chungu, zimesimama, zimerudi. Viatu vya kiume. Nesi hayumo, au amevaa vya mumewe.

Sasa sikia ujanja wa huyu mtu. Kiatu ni namba arobaini na mbili, kama changu. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, kama changu. Amenunua viatu kama vyangu makusudi, akavisugua kisigino ili nionekane mimi! Nimefanya kazi na watu wa hila maishani, lakini hapa nimekutana na fundi. Na neno hilo sikuliandika bure.

Nimepima miguu ya Fundi kwa macho alipokuwa anaosha mikono. Namba arobaini na tano. Inamaanisha alijibana. Mtu anayekubali kuumia vidole ili aniangushe mimi, huyo ni hatari.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Majani ishirini na sita. Mawili yameanguka. Nimeyaficha kwenye droo ya kadi za wagonjwa.

Nimeamua kutosubiri salfa. Kama udongo umekuwa kinyume cha siki, dawa si siki? Mke wangu alinipa chupa ya jikoni, akaniuliza kama nimeshamweleza Nesi kuwa mti unaumwa, maana manesi wanajua dawa. Nikamwambia asiniingilie kazini kwangu.

Nimemimina chupa nzima. Hamadi! Udongo umechemka! Povu jeupe likapanda hadi ukingoni, likalia shhhh kama kikaango. Nimerudi nyuma nikaangusha rundo lote la karatasi za wagonjwa sakafuni. Udongo safi hauchemki. Hiyo ni sumu, na siki imeifichua. Laiti ningekuwa na shahidi.

Nilikuwa naye, bahati mbaya. Nesi alitokea mlangoni, akaliona povu. Hakupiga kelele. Aliinama akanusa, halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, huwa namwaga wapi mabaki ya vikombe.

Ala! Nimezungumza siki, yeye anazungumza vikombe. Mtu akibanwa hubadilisha mada. Nimemjibu yanamwagwa panapomwagwa.

Akasema yale maji ya kusukutulia huwa anayatia magadi, yale ya kuumulia keki, kwa ajili ya fizi. Nikasema hongera. Akasema magadi hayapendani na udongo wa mlimau. Nikamwambia mlimau uko chini ya mamlaka yangu. Akaondoka. Ameona simeguki.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Kikaratasi kimetoka buluu tena. Baada ya chupa nzima ya siki!

Yaani adui anarudi kila siku. Mimi natibu, yeye anamwaga. Jana nimekaa hapa hadi mgonjwa wa mwisho, sikumwona mtu. Nimekusanya vikombe, nimevimwaga, nimekaa tena robo saa. Patupu. Anakuja wakati gani huyu?

Nimetia salfa. Mzee alisema kijiko cha chai, lakini hajui uzito wa vita hivi. Nimetia pakiti nzima. Ukumbi wa kusubiria unanuka kiberiti na siki. Mgonjwa mmoja amesema jino limepoa lenyewe, akaenda zake.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku mbaya.

Mti umebaki na majani tisa na limau. Naogopa, niseme kweli. Si cheo tu. Nikifumba macho namwona Daktari akisema walichume pamoja.

Siki imekwisha. Mke wangu ameficha chupa ya pili. Maduka ya karibu yamefungwa mchana kwa ajili ya kuhesabu bidhaa. Na dakika ile ile nikainua macho, nikaona, juu ya tawi, kitu kikali kuliko siki. Kimejaa. Kimeiva. Kiko pale pale!

Niliwaza hivi: mti ndio uliolitengeneza, kwa hiyo ukali wake ni wa mti. Unajirudishia mali yake. Nikalichuma, nikalikata kwa kisu kidogo cha Daktari, nikalikamua lote hadi kokwa, kwa hekima kubwa sana.

Maganda yakiwa mkononi ndipo nilipoelewa nimefanya nini.

Nimekaa chini ya meza nusu saa. Mgonjwa aligonga kengele mara nne.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mtu mzima halii, hutengeneza.

Nimejaza pamba ndani ya ganda, ile wanayong'ata wagonjwa baada ya kung'olewa jino. Nimelishona kwa uzi wa kusafishia meno, mshono mdogo mdogo, nikalifunga tena kwenye tawi. Kwa mbali huwezi kujua. Hata kwa karibu, ukiwa umevua miwani. Daktari huvaa miwani. Nimegeuza upande wa mshono ukutani.

Nesi ameniletea ndoo ya maji ya mvua, akasema huenda bado yanasaidia. Nimeyapokea kwa mikono miwili kisha nikayapima kwa kikaratasi. Hayana kitu. Bado siyaamini. Nimeyamwaga chooni, nikaunywesha mti maji ninayoyajua. Ya vikombe.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wamekuja.

Daktari mbele, mama yake nyuma kashika kikapu kidogo kilichotandikwa kitambaa cheupe, cha limau moja. Nilipokiona kikapu kile nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema karibuni, safari njema, shikamoo mama. Nikasimama kati yao na mti. Daktari akanisogeza kwa mkono, taratibu.

Alihesabu majani kwa kidole. Manne. Kisha akalishika limau na uzi ukakatika. Likadondoka, likadunda, pamba ikachungulia.

Mama yake aliliokota, akaligeuza, akatazama ule mshono. Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Anacheka! Akasema marehemu angecheka hadi aanguke, maana yeye mwenyewe alikuwa na meno ya bandia yanayodondoka hivyo hivyo. Lakini Daktari hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mikono mapajani, macho yamejaa maji. Moyo wangu ulikatika. Nilitamani kusema ni mimi niliyelichuma. Nilifungua mdomo kabisa.

Daktari akauliza nani aliyeufanya mti hivi. Nesi akatangulia. Akasema ni maji ya vikombe, Daktari, yana magadi, yalikuwa yanamwagwa chunguni, na magadi yanapandisha pH. Tumekosea sote, akasema. Mimi ndiye ninayeyachanganya, akaongeza, na sikumweleza mtu mapema. Karani alikuwa anahangaika kuuokoa. Halafu akasema mizizi ameikagua, mingi ni hai, akipewa ruhusa ataukung'uta udongo wote na kuuhamishia udongo mpya.

Daktari akamshika mkono. Fundi naye akaja kushika chungu. Wameuhamisha mti mchana huo huo, watatu pamoja na yule mama, na mimi nikafagia.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Nesi ameteuliwa msimamizi.

Nilijikaza kisabuni nikampongeza. Uamuzi wake wa kwanza umekuwa mimi nibaki mezani kwangu, na vikombe sasa vinakusanywa kwa beseni lenye magurudumu, kwa ajili ya goti langu. Amelikumbuka goti! Nani alimwambia kuhusu goti?

Nimelala na kuamka na lile neno lake. Sote. Tumekosea sote. Mtu asiye na hatia huitafuta hatia ya nini? Mimi sikuwa na hatia na sikusema neno hata moja. Asiyeshtakiwa anajitetea, anamtetea na mwenziwe, analeta maji ya mvua, anajua mizizi iko hai bila kuambiwa. Alijuaje? Anajua ugonjwa kwa sababu ndiye aliyeuleta. Nimemwandikia Daktari barua ya kurasa tatu, nimechora na ramani ya nyayo. Kesho asubuhi itakuwa mezani kwake.

Nimemsomea mke wangu. Amesikiliza hadi mwisho, akasema niichane, nikamshukuru yule dada, na nimpelekee zawadi.

Nikamuuliza wamejuana lini. Akacheka hadi akashika ukuta.

Nimeandika saa. Kumi na mbili na robo jioni.