Mikono Yangu na Maua ya Harusi

Wenzangu, leo nimejiaibisha kwa mikono yangu mwenyewe, na hapo sijatia chumvi.

Mnaijua bustani yangu hapa Nyanchwa, ile ya mbele ya nyumba, inayopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka jana nilipanda maua ya koni. Ni ya manjano, petali zake zinaning'inia, na katikati pamesimama kikoni cha kahawia. Mwaka wa kwanza yalitoa majani tu. Mlinicheka. (Kuna aliyeniuliza kama yanapikwa na maziwa. Sijasahau.) Mwaka huu yamepanda hadi kiunoni na kila shina limebeba tumba. Sijisifu. Haya, najisifu.

Jirani yangu Mama Rukia, mwenye duka la vitambaa mjini, anamwoza binti yake Jumapili ijayo. Alikuwa anatafuta maua ya kupamba jukwaa. Nikamwambia asinunue hata moja, yangu yatakuwa yamefunguka.

Leo akaja kuyaona, pamoja na shangazi wa bibi harusi, mama mpole aliyefika jana. Nikawatembeza. Sasa mimi nikianza habari za maua haya huwa sinyamazi. Nikaeleza jinsi mizizi inavyozama hadi kiangazi hakiyatishi. Nikaeleza kwamba mbolea nyingi huyalegeza yakaanguka, na kwamba ukiyapanda mara moja yanarudi yenyewe kila mwaka. Wageni walikuwa kimya kabisa. Nikadhani elimu imewaingia. Nikaongeza sauti.

Mwisho wa mstari wa tatu nikageuka niwaonyeshe matumba. Hayakuwapo.

Jamani, mimi ni mtoto wa Gesima. Nimechuna majani chai tangu darasa la pili, kikapu mgongoni, na mikono hii ikikuta mmea uliofika kiunoni haiombi ruhusa. Mdomo ulikuwa unafundisha, vidole vinakata: majani mawili na tumba, kama kwenye chai, natupa nyuma ya bega. (Kikapu hakuna.) Matumba yalikuwa yamelala chini nyuma yangu, na mengine yako kwenye mtandio wa shangazi.

Nikauliza kwa nini hawakunizuia.

Shangazi akajipangusa taratibu. "Mwanangu, nilifikiri ndivyo yanavyotunzwa."

Mama Rukia hakuwa mpole hivyo. "Mama Moraa, harusi ni Jumapili. Utayarudisha na gundi?"

Nikaomba radhi hadi sauti ikakauka. Najua yatachipua tena, na pale palipokatwa yatatoa matawi mawili, lakini si kwa Jumapili. Niliona aibu kweli, maana ahadi niliitoa mwenyewe bila kuombwa. Mama Rukia akaitazama ile mistari mitatu, akaniuliza nimetumia dakika ngapi. Nikamwambia labda tano. Akafikiri kidogo, akasema maua atanunua sokoni, ila Jumapili asubuhi niripoti jikoni kwake. Kuna magunia mawili ya majani ya dania ya kuchambua.

Walipoondoka nikampigia mama yangu Gesima ili nipate pole. Alisikiliza yote hadi mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Ulichuna kwa mikono miwili?"

Nikasema ndiyo.

"Vizuri," akasema, akakata simu.

Basi naomba msicheke. Anayetaka kucheka apite kwanza hapa nyumbani aone ile mistari ilivyosawazika.