Mkwe Si Nguzo ya Simu

Kijiji cha Ujamaa Misima,
Handeni.
Agosti, 1976.

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Mashindano ya Baiskeli, Mkumbara hadi Misima,
Korogwe.

Ndugu Katibu,

KUH: KUFUNGIWA NDANI KAMA MBUZI MLA MAHINDI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako wote, hasa yule aliyepoteza kofia. Mimi sijambo kiasi, ila moyo umenijaa. Naitwa Mwantumu binti Mhina, mkulima, na ndiye yule “mama mwenye kuni” mnayemtaja kila mahali bila kumtaja jina. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu Paulina wa darasa la watu wazima amenisahihishia herufi kubwa tu. Maneno makali nimeyapunguza mimi, na haya mtakayoyaona ni yale yaliyokataa kupungua.

Jumamosi iliyopita mjumbe wenu alisimama uwanjani hapa Misima na kipaza sauti, akatusomea uamuzi wa kamati. Kwanza, ati mimi ni “kizuizi cha barabarani”, na siku za mashindano natakiwa nikae ndani, mlango umefungwa. Pili, Salimu, mume wa binti yangu Hamisa, ameondolewa kwenye timu ya Handeni inayokwenda kushindana Tanga, mpaka aape mbele yenu kwamba akinikuta tena njiani atanipita “kama anavyopita nguzo ya simu”.

Salimu amekataa kuapa. Sasa anashinda uani, baiskeli ameipindua magurudumu juu, anazungusha pedeli kwa mkono na kulitazama gurudumu linavyokwenda bure. Hamisa anasema hata ugali anaula bila kuuliza mboga ni nini. Kijana huyu amejifunza baiskeli akibeba magunia ya mkaa, na kwenda Tanga ndiyo ndoto yake ya pekee. Naomba mumrudishe kwenye timu bila kiapo chochote. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, kama tulivyofundishwa.

1. Tukio lenyewe mmelieleza vibaya. Mashindano yenu ni ya siku tatu. Siku ya kwanza wanatoka Mkumbara hadi Masuguru, huko Korogwe, siku ya pili wanatoka hapo Masuguru hadi Handeni mjini, na siku ya tatu wanatoka Handeni kuja kumalizia kwetu Misima. Mwenye muda mfupi kuliko wenzake kwa siku zote tatu ndiye mshindi. Hayo nayajua, msinifundishe. Siku mbili za mwanzo Salimu aliongoza, na yule Hiza wa Masuguru akamfuata kwa karibu kama kupe. Siku ya tatu wakatokea kwenye kona ya ghala la kijiji wakiwa mbele, kundi zima nyuma yao, baiskeli zimevuliwa madigadi, keria na hata kengele ili ziwe nyepesi. Kumbuka hapo kwenye kengele, maana hakuna aliyenipigia hata moja nijue wanakuja.

Mimi nilikuwa natoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Nikainua macho, nikamwona mkwe wangu anakuja uso kwa uso, tena amevaa kaptula.

Ndugu Katibu, wewe si mgeni wa mila. Kwetu Wazigua mume wa binti yangu hakutani nami njiani hivihivi. Akiniona anaingia porini anipishe, nami nageuka mgongo na kujifunika kanga. Si uadui, ni heshima. Salimu alifanya la kwake: alikata kushoto, akaingia shamba la ujamaa la mihogo. Nami nikafanya la kwangu: nikageuka. Kosa likiwepo ni la kuni, maana zilikuwa ndefu, na nilipogeuka nazo ziligeuka, zikaziba barabara upande hadi upande. Hata hivyo hazikumgusa mshindani hata mmoja. Zilichukua kofia ya mjumbe wenu aliyekuwa amejitokeza dirishani kwenye Landrova, na kofia hiyo ninayo, imefuliwa.

2. Hao wengine waliomfuata Salimu kwenye mihogo, nani aliwaambia? Mimi si mkwe wao. Walikuwa na nafasi ya kusimama wakangoja nipite, na ningepita, sikuwa na nia ya kulala pale. Lakini walipomwona kiongozi anaingia shambani walidhani amegundua njia ya mkato, wakajitosa nyuma yake mmoja baada ya mwingine wakipigana vikumbo wasiachwe. Tuta la kwanza likamwangusha Hiza, Hiza akawaangusha wawili, na wale wawili wakaangusha waliobaki. Nilisikia kwa mgongo tu, kwa kuwa nilikuwa nimejifunika. Kisioki, mfugaji wa upande wa pili wa barabara, ndiye aliyeona kwa macho, na yuko tayari kutoa ushahidi. Alicheka mpaka akashikilia pembe ya ng'ombe asianguke. Mjumbe wenu alipomuuliza kwa hasira ati Salimu alikimbia nini, Kisioki alimjibu, “Mama mkwe? Hata mimi ningekimbia, na sina baiskeli.”

3. Kuchelewa kwao pia si juu yangu. Majeraha yalikuwa ya magoti na viwiko, na nashukuru Mungu hakuvunjika mtu. Wangeweza kupanda tena na kwenda. Lakini Mzee Isihaka, msimamizi wa shamba la ujamaa, aliwakuta wote, Salimu akiwemo, wamekaa juu ya mihogo ya umma. Akawaambia, “Vijana, poleni sana. Baiskeli zenu nimezishika. Matuta yangu yakisimama, nanyi mtasimama.” Wakapewa majembe. Nasikia Hiza analima vizuri, jambo ambalo halikunifurahisha lakini nalisema kwa kuwa ni kweli.

4. Wakati wanalima akatokea Matayo wa Mkumbara, aliyekuwa wa mwisho tangu siku ya kwanza kwa sababu ya pancha. Alipofika kwenye kona alishuka kwenye baiskeli. Akasema, “Shikamoo mama, pole na mzigo.” Nikaitikia. Akanishikia kuni nikatengeneza kata yangu kichwani, akaniuliza habari za shamba, nikamwambia panya wamezidi, akasikitika. Kisha akasukuma baiskeli mpaka aliponipita vizuri, ndipo akapanda. Huyo ndiye mliyempa redio ya mshindi. Sasa nauliza kwa adabu: katika mashindano yenu yote aliyeshinda ni yule aliyenisalimia, halafu mnataka Salimu aape kutonijali? Mwafundisha nini?

5. Mnasema nisionekane barabarani. Ndugu Katibu, mimi barabara sikuitafuta. Zamani nilikaa kule bondeni, nyumba yangu na njia kuu hazikujuana, na Salimu angeweza kupitisha msimu mzima wa mahindi bila kuniona. Ikaja Operesheni Vijiji, tukaambiwa tuhamie barabarani tupangwe mstari mmoja, maendeleo yatufikie. Tukahama. Sasa nyumba iko upande huu, shamba upande ule, kisima upande huu, kuni upande ule. Kila ninalotaka maishani liko ng'ambo ya mashindano yenu. Nikiambiwa nijifungie ndani, basi kamati inichotee maji, na mjumbe mwenye kofia nadhani ataweza ndoo mbili.

6. Hili la sita linauma, lakini litasemwa. Mashindano yenu hayana usawa. Salimu ana mke, kwa hiyo ana mkwe, kwa hiyo ana breki ambayo haikufungwa na fundi. Hiza ni kapera. Hana wa kumwonea haya kuanzia Mkumbara mpaka Misima. Anapita kwenye kona zote ameinamisha kichwa, matako juu, kama barabara ni ya baba yake. Hapo usawa uko wapi? Naomba kuanzia sasa makapera wote waoe kabla ya kushindana, au kila mmoja abebe mzigo wa kuni wa kadiri ya mama mkwe ambaye angekuwa naye. Na mwenye wake wawili apunguziwe mwendo, kwa kuwa huyo hatari zake ni mara mbili. Hii ni hesabu ndogo, hata darasani kwetu tumeifikia.

7. Nimelifikiria zaidi nikiwa jikoni, nikaona hata hiyo haitoshi. Hakuna kijiji kati ya Mkumbara na Misima kisicho na mkwe wa mtu. Kila kona ina mama wa mtu, na kila mama anahitaji kuni. Kwa hiyo njia ya usalama ni moja: kila penye nyumba washindani washuke, wasukume baiskeli na wasalimie. Na kwa kuwa Operesheni imezipanga nyumba barabarani njia nzima, watashuka Mkumbara na kupanda tena wakishafika. Waanguke kutoka wapi hapo? Na kwa kuwa sisi ni wajamaa, watangulie wazee, vijana wafuate, na wote waingie uwanjani kwa pamoja wameshikana mikono. Redio iwekwe katikati kila mtu asikilize. Mtu anayetaka kumtangulia mwenzake aulizwe anakimbilia nini ambacho mwenzake hakistahili.

8. Kuna wanaojifanya wajuzi wanaosema mwiko wa ukwe hufunguliwa kwa jogoo na mazungumzo, na kwamba nikikubali kumfungulia Salimu mambo yamekwisha. Labda kwao. Mimi mkwe wangu atanipisha njia mpaka siku nitakayobebwa kupelekwa makaburini, na siku hiyo pia apishe kidogo. Sibadilishi mila kwa ajili ya baiskeli. Na wewe, Ndugu Katibu, mwaka juzi sokoni Korogwe tulikuona sote ulivyochutama nyuma ya magunia ya dagaa mama yake mkeo alipopita. Ulikaa pale mpaka paka wakaanza kukuzoea. Mbona hukumpita kama nguzo ya simu?

9. Mwisho kabisa, mmenivunjia heshima. Watoto wakiniona sasa wanapiga kelele, “Kizuizi hicho! Katisha kushoto!” Nimelea watoto sita, nimelima shamba la umma bila kukosa zamu, nimejifunza kusoma nikiwa na mvi, na sasa jina langu kijijini ni kizuizi. Imeniuma, sifichi. Lakini kinachoniuma kuliko hicho ni kumwona kijana mwema ananyimwa safari yake kwa sababu aliniheshimu. Angenigonga na kupita, leo mngemwita shujaa. Mimi mwanamke mwenye heshima zangu siwezi kusimama barabarani makusudi nimharibie mtu mashindano, wala ukwe wangu si mtego wa kutegea watu. Haya nayasema nikiwa na akili timamu.

Kwa hiyo naomba Salimu arudishwe, neno kizuizi lifutwe kwa kipaza sauti kilekile, na mashindano yawe ya kusukuma kama nilivyoeleza hapo namba saba. Mkikataa, nitawaita mama wakwe wa tarafa nzima tuje ofisini kwenu siku ya kikao. Hatutasema neno. Tutakaa tu mlangoni, tuone nani atatoka.

Nisalimie wajumbe wote na wake zao. Nisalimie fundi baiskeli wa Masuguru, mwambie cheni aliyomfungia Salimu ni nzuri. Nisalimie mama mkwe wako, yeye namheshimu sana. Kisioki anasalimu, na ng'ombe wake wote wanaendelea vizuri. Mjumbe wa kofia mwambie aje aichukue mwenyewe, nitakuwa ndani mlango umefungwa, abishe hodi.

Ni mimi, niliye wima na si nguzo,

Mwantumu binti Mhina.

N.B. Barua hii imekaa kwangu wiki nzima ikingoja mtu wa kwenda Korogwe, na katika wiki hiyo mambo yamesogea kidogo. Salimu alikuja na jogoo mwekundu na doti ya kanga. Wazee wakakaa, tukazungumza, tukala sahani moja. Mwiko umefunguliwa. Kwa hiyo namba nane ifute. Kiapo chenu ataapa kesho asubuhi, na nimemwambia mwenyewe akinikuta njiani anipite kwa kasi aliyonayo.

Tena yule Hiza wa Masuguru, ambaye nasikia yumo kwenye timu ya Korogwe na ndiye tishio kubwa la Salimu huko Tanga, ameleta posa ya binti yangu mdogo, Mwaija. Nilikuwa nimemkataa mara mbili. Jana nimemkubali. Huyu mwiko wake ndio kwanza umeanza, bado ni mbichi, na nimewaomba wazee wasifanye haraka kumfungulia mpaka mashindano ya Tanga yapite.

Kwa sababu hiyo namba sita na namba saba pia zifute. Watu wapande baiskeli, waende mbio kabisa, na njia isibadilishwe hata hatua moja. Naomba tu unijulishe mapema kona ya mwisho huko Tanga iko wapi, na kama karibu yake kuna mahali pa kuokota kuni. Zikiwa ndefu ni bora zaidi.