Boti ya Kivita Katika Kisima cha Ubatizo

Jumatatu, 9 Juni

Mwalimu Mutiso ametangaza kuwa shule yetu itapeleka mradi mmoja tu kwenye maonyesho ya sayansi kule Kawangware. Mmoja! Atachagua Jumanne ijayo. Wangu ninao tayari kichwani: boti ndogo ya kivita. Nimesoma habari zake maktabani mara nne. Zamani boti hizi ziliundwa kwa mbao na kubeba topido, yaani kombora linaloogelea, na meli kubwa kuliko mtaa wetu wote wa Gatwekera zilizikwepa. Kidogo kikitisha kikubwa. Sijasoma jambo la kutia moyo zaidi.

Risper, binti ya Mchungaji Obiero, anatengeneza chujio la maji. Mchanga, makaa na kokoto ndani ya mtungi. Namwonea huruma.

Jumatano, 11 Juni

Mjomba Khamala, fundi wa majiko, amenikatia mkebe wa mafuta ya kupikia. Tumbo la boti ni kama herufi V, lipasue mawimbi. Kuta zinainamia ndani, kama za boti za siku hizi, ili rada isizione. Mota imetoka kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Kisha nimeongeza makombora manne, mizinga miwili, reli ya kutegea mabomu majini na nafasi ya askari kumi. Mjomba ameuliza kama askari watashuka wasukume. Boti ndogo, amesema, ni kama kibanda chake: ukiingiza kila kitu, fundi anabaki nje. Amenikera.

Ijumaa, 13 Juni

Jaribio kwenye karai. Imezama. Mama alikuwa na nguo humo.

Nimeng'oa mizinga, reli na askari wote. Makombora mawili yamebaki. Sasa inaelea vizuri ajabu. Ndipo nimeelewa uzuri wa boti hizi: mabaharia wachache, uzito mdogo, mbio nyingi. Inapiga, kisha inajificha nyuma ya kisiwa. Lakini karai ni fupi, mbio hazionekani. Bwawa la Nairobi nalo limejaa magugu, hata kombora halipiti.

Mbele ya darasa lote Risper ameniuliza, "Niaje, Admirali? Hiyo sufuria yako itapigana na nani, vyura?" Wamecheka. Nimetabasamu kwa heshima. Nina mpango.

Jumamosi, 14 Juni

Kisima cha ubatizo cha kanisa letu! Mita tatu za saruji laini. Siku moja kabla ya ubatizo waumini hukijaza, kila nyumba mtungi mmoja. Nimepeleka wetu mapema, kisha nikajitolea kuyalinda maji. Mchungaji amenisifu.

Asubuhi nilikuwa nimeipaka boti rangi ya fedha, ile ya majiko, majaji wapendezwe. Mjomba alisema ikauke siku mbili. Nimeipa saa mbili.

Imevuka kisima kwa sekunde nne. Mara kumi na tisa. Imejificha nyuma ya ngazi, imetoka tena ikiwa kasi. Nimelia kidogo.

Jumapili, 15 Juni

Watu wanane wamebatizwa. Wote wametoka majini wakimetameta. Nyanya Apiyo ametazama mikono yake, akasema utukufu umeshuka Gatwekera, akaanzisha wimbo. Risper alikuwa wa nane. Sikio lake la kushoto lilikuwa fedha tupu. Yeye hakuimba.

Mchungaji amechovya kidole, amenusa, kisha kati ya watu wote amenitazama mimi. "Nasike, huo ulinzi wako ulikuwa wa namna gani?"

Nimesema, ulinzi wa pwani.

Jumatatu, 16 Juni

Mchungaji hataki mitungi arobaini ya waumini imwagwe. Akina mama watafulia, mradi maji yasafishwe. Kwa hiyo baada ya shule Risper ameleta chujio lake. Mimi nimechota, yeye amechuja, mpaka mikono yangu imekufa ganzi. Maji yameingia yakimetameta, yametoka safi kabisa. Mwalimu Mutiso alikuwa akipita. Amesimama. Ametoa daftari. Nimeinua boti juu aione. Hakuinua macho.

Jumanne, 17 Juni

Chujio linakwenda Kawangware. Mwalimu amesema hajawahi kuona mradi uliojaribiwa kwa uchafu wa kweli namna hii. Uchafu ulitoka kwa nani? Hakutaja.

Wakati wa mapumziko Risper amenijia, sikio bado linang'aa kidogo. "Utanisaidia kubeba maji siku hiyo? Na boti yako inakimbia, walai. Niliiona Jumamosi kupitia dirisha la kanisa. Sikumwambia Baba."

Nimemwomba msamaha kwa ajili ya sikio. Nimekubali kubeba. Nimejifunza unyenyekevu, na kwamba siku ya Kawangware ni ya Risper, si yangu. Hilo limeniingia kabisa.

Atahitaji ndoo tatu za maji. Jioni hii nimeipima ya tatu. Boti inaingia, na kifuniko kinafunga.