Boti ya Baba na Msamaha wa Elfu Kumi

Alhamisi, 25 Agosti 2022

Raha! Raha tupu! Rais katangaza jana: kila mwenye mkopo wa masomo wa serikali, mradi kipato chake si kikubwa, atafutiwa dola elfu kumi. Kipato changu si kikubwa hata kidogo. Nimesikia redioni kazini, kwenye kaunta ya rangi, nikamwagia mteja kijani cha mzeituni kwenye viatu. Hakukasirika sana. Naye ana mkopo.

Jioni nimefungua akaunti nijionee deni langu likisubiri kufa. Furaha ikaniishia. Nadaiwa elfu tatu tu! Nilikuwa nimesahau. Tangu korona iingie na serikali isimamishe malipo na riba, Baba amekuwa akiitumia kampuni ya mkopo hundi kila mwezi kutoka kwenye pensheni yake. Alisema deni likiacha kuzaa ndipo pa kulipiga. Mzee wa kiwanda cha vichwa vya treni, hapendi kudaiwa hata chumvi. Kapunguza elfu saba. Mimi wakati huo nilikuwa napumzika.

Sasa ona hesabu. Nadaiwa elfu tatu, nitasamehewa elfu tatu. Elfu saba za msamaha wangu zinapotea bure! Kisa, wema wa Baba.

Dada yangu Lorraine kapiga simu. Yeye alimaliza mkopo wake zamani, kwa kuuguza wagonjwa zamu mbili na kula supu ya kopo. Kaniambia nisishangilie mpaka nione salio limesoma sifuri. Wivu huo.

Jumatatu, 29 Agosti 2022

Mimi ni mtu wa akili. Lazima niliandike mahali.

Nimegundua kwamba aliyelipa wakati malipo yamesimamishwa anaweza kuomba arudishiwe. Fedha zinarudi kwake, deni linapanda palepale lilipokuwa, kisha msamaha unalifuta lote. Elfu saba mkononi na deni sifuri! Aliyebuni utaratibu huu ningempata ningembusu.

Nimepigia simu kampuni inayosimamia mkopo. Nimesikilizishwa filimbi ya kusubiria asubuhi nzima. Nimekunywa kahawa, nimenyoa ndevu, nimekata kucha za miguu yote miwili, filimbi haijachoka. Hatimaye dada mmoja mwenye sauti ya uchovu akapokea. Akaniuliza kama naelewa kwamba msamaha usipokuja, deni litabaki hivyo hivyo. Nikamwambia dada, serikali imeshasema. Akasema, “Kaka, nakuuliza tena. Una hakika?” Nikasema ninayo ya kumgawia. Akauliza malipo yale nililipa mimi mwenyewe?

Nikasema ndiyo.

Kwa sheria ni akaunti yangu, jina langu. Siyo uongo. Ni ufupisho.

Tena fedha zenyewe ni za Baba. Nitampa Krismasi, zote, ndani ya soksi ya zawadi, kama mtoto. Atalia. Lorraine atalia zaidi.

Jumanne, 18 Oktoba 2022

Hundi imefika! Nusura Baba aifungue. Naishi kwake, na yeye ndiye hutoa barua sandukuni. Nimemnyang'anya nikasema ni matokeo ya daktari. Ananitazama kwa huruma tangu mchana, kanipikia supu ya kabichi.

Fomu ya msamaha nayo imefunguliwa mtandaoni. Nimeijaza nikiwa nasubiri mkate uive kwenye tosta. Jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, basi.

Nilikuwa naelekea benki kwa nia safi kabisa. Njiani nikawaza: kwa nini nimpe Baba elfu saba wakati naweza kumpa kumi na nne? Hapa Erie, kando ya ziwa, theluji hairuki mwaka, na watu wanalipa vizuri kusafishiwa njia za magari. Bwana mmoja wa mtaa wa pili anauza beleshi la chuma la kufungwa mbele ya pikapu kama yangu. Limetumika, lakini kwa adabu. Nimelinunua, na vyuma vya kulishikizia, na matairi ya theluji. Zimebaki chache, nimenunulia koti la kazi. Mfanyabiashara lazima afanane na mfanyabiashara.

Baba kaliona beleshi. Kaniuliza nimepata wapi fedha. Nikasema nimedunduliza. Kanishika bega. Hajanishika bega tangu nimalize chuo.

Ijumaa, 11 Novemba 2022

Jaji huko Texas kasema msamaha haufai. Tovuti haipokei tena maombi. Texas! Mimi sijawahi hata kufika Texas. Nimemkosea nini mtu wa Texas?

Haidhuru. Ni jaji mmoja. Wako wengi.

Jumamosi, 19 Novemba 2022

Theluji! Imeanguka tangu juzi, nene, nyeupe, ya pesa. Nimeamka kabla ya Baba, nimevaa koti jipya.

Mteja wa kwanza Lorraine. Alisema atalipa nusu kwa sababu ni ndugu. Nimeshusha beleshi, nimekanyaga mafuta. Sanduku lake la barua likaondoka. Nikarudi nyuma nilitazame, nikasikia kitu kinapasuka: Bikira Maria wa saruji wa jirani yake, Bi. Gorniak, alikuwa amefunikwa na theluji, nitamwonaje? Nikatia gia ya mbele niondoke kabla Bi. Gorniak hajafungua pazia. Pikapu ikatoa sauti kama mtu anayetafuna vijiko. Giaboksi. Imekufa hapo hapo, katikati ya njia, na theluji ikaanza kunifunika mimi.

Lorraine akatoka na kikombe chake cha kahawa, koti juu ya gauni la kulalia. Alizunguka pikapu yote. Akasema, “Ray, hebu niambie ukweli, ni nani anakupangia mambo yako?” Nikasema ni mimi mwenyewe. Akasema ndivyo alivyoogopa.

Jioni imekuja barua pepe. Ombi langu la msamaha limekubaliwa! Limekubaliwa, ila mahakama imezuia, kwa hiyo nisubiri. Nimelisoma mara nyingi neno lile la kwanza tu.

Krismasi nimempa Baba soksi. Soksi zenyewe, bila kitu ndani. (Naongeza hili Januari. Desemba sikuwa na hamu ya kuandika.)

Ijumaa, 30 Juni 2023

Mahakama ya Juu imetoa uamuzi leo. Hakuna msamaha. Wa elfu kumi, wa elfu moja, hakuna.

Nimesikia redioni, kaunta ileile. Nilikuwa nachanganya rangi ya chumba cha mtoto. Safari hii sikumwaga. Mikono ilitulia tu, kama si yangu.

Nadaiwa elfu kumi. Mwaka jana nilikuwa nadaiwa tatu. Nimehangaika mwaka mzima, nimetumia akili yangu yote, nimejiongezea deni la elfu saba.

Lorraine hakupiga simu. Hakutuma hata neno. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 2 Julai 2023

Sijui niandike vipi.

Baada ya misa Baba alikaanga pierogi, zile kama sambusa, za viazi na jibini, nizipendazo. Akaniambia nikae. Akaweka bahasha mezani, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja. Akasema, “Serikali imekukatalia, basi. Mimi sijakukatalia. Zilikuwa zimebaki elfu tatu, si ndiyo? Humo mna hundi ya elfu nne. Maliza, mwanangu, hiyo moja ukafurahi nayo.”

Nikauliza amezipata wapi. Akasema kauza boti. Kuna bwana wa Ohio alikuwa anaitaka siku nyingi.

Boti! Alinunua wiki aliyostaafu. Kila kiangazi, kukicha yuko ziwani. Mama alipofariki alikaa ndani ya boti ile siku nzima, imefungwa gatini, hakuiwasha.

Ningeweza kuchukua bahasha nikanyamaza. Nililiwaza hilo. Naliandika kwa kuwa ni kweli. Kisha nikamtazama, alikuwa anatabasamu kwa upande kama anayeona haya, mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikasema, “Baba, si elfu tatu.”

“Ngapi?”

“Kumi.”

Akafikiri. Akasema riba si ilisimama? Nikasema ilisimama. Nikamweleza. Simu, filimbi, hundi, yule dada aliyeniuliza mara mbili. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza maswali matatu, polepole, kama anayekagua mashine.

“Zile hundi zangu ulizichukua?”

“Ndiyo, Baba.”

“Na yale hayakuwa matokeo ya daktari?”

“Hapana, Baba.”

“Zikaenda kwenye lile chuma pale nje?”

“Na koti.”

Akasimama, akafunika pierogi, akaosha sahani yake, akaifuta, akaiweka kabatini. Nilitaka anipigie kelele. Ana sauti kubwa, wamezoea kelele kule kiwandani. Akasema, mgongo ukiwa kwangu, “Ungeniambia unataka beleshi, ningekununulia beleshi.”

Kisha akavuta kiti hadi kwenye kompyuta, akaniambia nilipe sasa hivi, yeye akiona. Nikalipa zote nne. Vidole vilikuwa vinakosea namba za hundi. Akanisomea yeye, taratibu, bila miwani.

Jumamosi, 15 Julai 2023

Baba sasa anavua samaki akiwa amekaa kwenye gati, na kiti cha kukunja. Leo nimemfuata. Nimebeba ndoo. Boti zilipita mbele yetu asubuhi yote, na kila mmoja aliyempungia alimwuliza yake iko wapi. Akawa anajibu kwamba magoti hayamruhusu tena.

Magoti yake ni mazima. Anapanda ngazi upesi kuliko mimi.

Nimemwambia nitazilipa zote, zake na za serikali, kutoka kwenye mshahara wangu, kila mwezi, bila janja. Akarusha ndoana. Kisha akasema nikae chini, kivuli changu kinafukuza samaki.

Hatukupata samaki. Nimeapa kimoyomoyo: mipango basi. Mimi na mipango tumeachana.

Beleshi nimelitangaza kuuza. Hakuna aliyepiga simu. Ni Julai.

Jumatano, 4 Oktoba 2023

Malipo yameanza tena. Taarifa imekuja na riba juu yake. Nimekaa na kalamu kama mtu mzima: chakula, mafuta ya gari, mkopo, cha kumrudishia Baba. Nimeona inawezekana. Kwa shida, lakini inawezekana. Nimejisikia vizuri, nimeenda kujipongeza na donati.

Na pale penye donati, Mungu ana njia zake, nikasikia wanawake wawili wanazungumza. Mmoja anasema mtoto wake halipi mkopo hata senti, na hakuna anayemsumbua, kwa sababu yuko masomoni. Nikajisogeza. Nikaomba radhi, nikauliza. Ni halali kabisa! Ukijiandikisha chuoni, hata nusu ya masomo ya kawaida, malipo ya mkopo wa zamani yanasimama. Nusu tu!

Nimekwenda moja kwa moja chuo cha wilaya. Mama wa dirishani kanipa kijitabu cha kozi. Kuna ufugaji wa nyuki. Nyuki! Hawaombi mshahara, wanajitafutia chakula wenyewe, baridi ikija wanajifungia ndani. Ndani ya miaka miwili Baba ana boti, tena kubwa kuliko ile, na Lorraine ananunua asali kwangu, bei kamili.

Muhula unaanza Januari. Ada sina, lakini mama wa dirishani kasema nisihofu, kuna mkopo. Kaniuliza nakopa kiasi gani. Nikamwambia aweke na ya mizinga.