Maombi Yangu Juu ya Rujewa

Leo ndege yetu imetua vibaya, imezamisha pua kwenye jaruba la mpunga, wote tu wazima, na ni mimi peke yangu niliyetamani kubaki ndani.

Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi tuliondoka Iringa kwenda Rujewa kukagua mashamba ya mbegu. Ndege ndogo ya kukodi. Mbele rubani, Kapteni Neema. Nyuma mimi na Mzee Kikoti wa Kilolo, mkulima wa mbegu na mzee wa kanisa, baba yake Upendo. Upendo ndiye ninayetaka kumwoa. Barua ya posa baba yake aliipokea kwa sharti moja: niache ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nikaapa nimeacha. (Msicheke bado.)

Injini inapiga kelele, kwa hiyo kila mtu alivaa visikizio vyenye kipaza sauti.

Juu ya Rujewa upepo ulikuwa unatupiga ubavuni. Unatulia, kisha unapiga tena. Kapteni akajaribu kutua. Bawa la kushoto likanyanyuka! Akapaa upya. Chini ng'ombe walikuwa wanatimua mbio.

"Tunarudia. Kazeni mikanda."

"Kijana, sali," Mzee akaniambia.

Tukashuka kiupandeupande. Magurudumu yakagusa, upepo ukatunyanyua, ukatubwaga. Tukatoka nje ya njia ya ndege. Nikasali. Kwa sauti, kama tunavyosali kanisani.

"Bwana nisamehe! Nilidanganya! Ulanzi sijaacha! Hata jana pale Ipogolo nimekunywa lita mbili!"

Ndege ikavunja tuta, ikachoma pua kwenye tope.

Kisha kwenye visikizio ikaja sauti ya mwanaume nisiyemjua:

"Amina, ndugu yangu."

Kumbe muda wote niliosali Kapteni alikuwa amekibana kitufe cha redio, sala yangu ikarushwa hewani. Rubani mwingine, aliyekuwa angani kuelekea Mbeya, amesikia kila neno.

"Mko salama?" akauliza.

"Wazima," Kapteni akajibu huku anatetemeka. (Hofu au kicheko, sijui.)

Mzee Kikoti akafungua mkanda, akashuka kwenye tope, akaanza kutembea.

"Mzee, shikamoo," nikamwita. (Tulishaamkiana Iringa!)

"Lita mbili?" akauliza bila kugeuka.

"Moja na nusu, Mzee."

Jibu la posa tuliahidiwa Jumapili. Sasa hivi amesimama juu ya tuta, simu sikioni, anaongea na Upendo kwa Kihehe. Mimi ni Mnyakyusa. Mpaka sasa nimeelewa neno moja tu: jina langu.