Jezi za Mitumba na Dume la Zawadi

Jumatatu, 3 Juni 1991

Enock kakataa tena kutuingiza ligi. Yeye ndiye katibu wa ligi ya mpira ya mji, na timu bora ya mji ni yake! Anasema chuo chetu cha kilimo ni chuo cha wachunga ng'ombe, tukacheze na ndama wetu. Vijana wangu, wengi watoto wa wafugaji waliohamia Muze, kule bondeni, hawajafungwa msimu mzima. Lakini wanacheza huko huko bondeni, nani wa mjini atawaona? Roho inaniuma. Bahati nzuri meneja wa timu ni mimi, Felisian, na akili ninazo. Nimenunua furushi la jezi za mitumba. Siku hizi kila kitu ruksa. Enock akiona tulivyopendeza, atajificha.

Jumanne, 4 Juni

Mungu wangu! Jezi au turubai? Mabega mapana, anaenea mtu na mdogo wake. Nahodha wetu Mboje kapotelea ndani. Nikaapa kwamba ndiyo fasheni. Moyoni nikapanga kuziuza ziwe mapazia.

Akapita Padre Marselino, aliyesoma Marekani. Akacheka, kisha akasoma maandishi ya kifuani. Akasema hizi ni za chuo cha watu weusi kule. Mpira wao unabebwa mikononi, na chini ya jezi wanavaa kinga za mabega. Enzi za ubaguzi, wazungu hawakuwataka kwenye ligi yao wala hotelini. Wakasafiri na chakula chao kwenye basi, wakacheza weusi kwa weusi, wakawa moto wa kuotea mbali. Mboje akauliza kama walifungwa. Padre akasema kuna msimu mzima hawakufungwa. Kila kijana akakumbatia jezi yake, hataki hata ipunguzwe. Mapazia basi tena.

Alhamisi, 6 Juni

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi katoa dume la ng'ombe kwa atakayeifunga timu ya Enock Jumapili. Nikamwendea Enock kinyonge, nikamwambia vijana wangu wanaogopa. Kaingia mtegoni mzima mzima! Kaapa mbele ya Padre: tukishinda, tunaingia ligi. Nami nimealika mtaa wangu wote wa Malangali, supu ya dume hilo Jumatatu. Hata Enock nimemwalika, ili aumie vizuri.

Jumapili, 9 Juni

Wametunyima chumba cha kubadilishia nguo. Vijana wakavaa nyuma ya trekta kwenye baridi, wakala viazi vyao vya kuchemsha, wakaingia wakiimba. Niliwashauri wajifanye wanachechemea, ili wapinzani wawadharau. Hawakunisikiliza hata kidogo. Beki wa Enock akamshika Mboje jezi, akavuta, akavuta, kumbe kabaki na jezi tupu! Mboje huyo golini, kifua wazi. Mbili kwa moja! Watu wa mji wakasimama kuwapigia makofi. Nimelia. Sijawahi kuona vijana kama hawa. Enock katuandikisha ligi pale pale, uso umemvimba.

Jumatatu, 10 Juni

Uani kwangu wamejaa watu na mabakuli. La Enock ndilo kubwa kuliko yote. Dume? Halipo! Vijana wanalipeleka Muze. Nikawakimbilia, nikawakuta njiani. Mboje akaniamkia shikamoo vizuri tu, akasema kwao dume zuri namna hii halichinjwi kwa supu, linaingia zizini. Ndama wake watawasomesha wadogo zao. Nimewavulia kofia. Nikarudi nikawapa wageni chai ya rangi. Enock kacheka mpaka kapaliwa.

Lakini si nimesikia bingwa wa ligi anapewa madume mawili! Nimewaambia wote warudi siku ya fainali. Na watu wa mtaa wa pili, Izia, nimewaalika. Waje na sufuria.